Mafuta Yalipopungua

Kwa Mwanaidi, binti yangu,

Salamu zangu zikukute umekaa na umetulia, maana ninayotaka kukuambia hayasomwi na mtu aliyesimama mlangoni. Hapa ni alasiri ya Alhamisi. Wewe na baba yako mmekwenda Kaole kumuaga shangazi yako, nami nimewaambia msiharakishe kurudi. Ulidhani nataka nafasi ya kupika chakula cha safari. Mikate imeiva tangu adhuhuri. Nilitaka nyumba iwe kimya, kwa sababu tangu mwezi ulipoandama nimejaribu kuyasema haya kwa mdomo, na kila mara naishia kukuuliza kama umekula.

Kesho alfajiri mnashika njia ya Saadani, na kutoka Saadani mnaendelea mpaka Pangani kwa mumeo. Barua hii nitaikunja ndani ya leso zako, uikute ukifungua mzigo. Isome peke yako. Baba yangu alinifundisha herufi pamoja na kaka zangu kwenye ubao mmoja, nami nikakufundisha wewe, kwa hiyo huna haja ya kumpa mtu akusomee. Sitakuandikia habari za kuamka mapema wala za kumpokea mgeni. Hayo unayajua, na usiyoyajua mama mkwe wako atakufundisha kwa furaha kubwa.

Moyo wangu hautulii tangu jana. Yule mama mdogo wa mumeo aliyekuja kuchukua mizigo mikubwa alikuuliza pale ukumbini, "Tumesikia unajua kupika sabuni. Utatupikia kiasi gani?" Nawe ukajibu, "Kiasi mtakachotaka." Wote wakacheka, wakakusifu. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la kahawa, nikaliweka chini kabla sijamfikia mgeni. Ukaniuliza, "Mama, umechoka?" Nikasema nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako.

Wacha nianze na alama iliyo shingoni mwako.

Tangu ulipopata akili ya kuuliza nilikuambia ulimwagikiwa na uji ulipokuwa mdogo. Uliwaambia hivyo wenzako wa chuo cha Kurani, na juzi nilikusikia ukimwambia kungwi wako alipokuwa anakupaka liwa. Si uji, mwanangu. Ni sabuni, na ni mimi niliyekuosha nayo.

Kazi yetu unaijua, lakini nitaieleza kama nilivyoijua mimi wakati ule, maana nilijua nusu. Sabuni ni mafuta ya nazi na maji makali. Maji makali tunayapata kwa kuchemsha magadi yanayoshuka na misafara kutoka bara, tukatia na chokaa anayoleta baba yako akitoka kwenye kazi yake ya ujenzi. Bibi yako alinirithisha kipimo: kata moja ya mafuta kwa kata mbili za maji makali, na maji yenyewe yawe mazito kiasi cha yai kuelea. Nilikishika kipimo kile kama mtu anavyoshika dua ya lugha asiyoielewa. Sikujua kwa nini ni mbili na si tatu. Sikuwahi kumuuliza bibi yako, naye akafariki.

Mwaka ule ulikuwa umetimiza miaka mitatu. Kabla ya Ramadhani bibi mmoja wa nyumba kubwa ya Kiarabu, Bi Nunu, alinipitia kisimani mbele ya wanawake wote akasema, "Mize, nataka miche arobaini ya sabuni ya sikukuu. Nitawagawia majirani. Utaweza?" Hakuna aliyewahi kuniagiza hata kumi kwa pamoja. Wanawake wote wakanigeukia. Nikasema, "Utakayotaka utapata, bibi." Unaona? Maneno yaleyale yako.

Mafuta nilikuwa napata kwa Bi Mgeni wa Zinga. Alikuwa mwanamke mkubwa kwangu, mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini, na mafuta yake yalikuwa safi hata ungeweza kuona kidole chako upande wa pili. Alikuna nazi zake mwenyewe, akakamua mwenyewe, akaja kwa miguu kutoka Zinga na kibuyu kichwani. Nilimwagiza vibuyu viwili. Mvua zilikuwa zimekosa, nazi zikawa ndogo na kavu, akaja na kimoja.

"Mwanangu, mwaka huu minazi imetunyima," aliniambia. "Nimekuletea kilichopatikana. Mwambie huyo bibi wako apunguze."

Nikamwambia sawa. Alipoondoka nikakaa kitako jikoni nikitazama kile kibuyu kimoja. Maji makali yalikuwa tayari, mtungi mzima, ya kutosha vibuyu viwili. Magadi yalikuwa bado yamejaa kwenye kapu na chokaa ilikuwa uani kama kichuguu. Kila kitu kilikuwepo ila mafuta. Nikafikiri: miche ishirini badala ya arobaini, nitamwambia nini? Nikaona uso wa Bi Nunu, nikaona wale wanawake wa kisimani. Halafu nikafikiri tena: sabuni si ni hivi vitu viwili? Kimoja kimepungua, basi nizidishe kile kingine, jumla itakuwa ileile.

Nikamimina maji makali yote.

Yalichemka, yakashika, yakawa mazito kuliko kawaida. Niliyamimina kwenye visanduku vilivyotandikwa majani ya mgomba, na yalipokauka nikakata miche arobaini kamili. Ilikuwa myeupe kuliko sabuni yoyote niliyopata kupika, na migumu, ukiigonga inalia. Bibi yako alinizoesha kuilamba sabuni kabla haijatoka nyumbani. Sikuilamba. Nilikuwa nimefunga, na nilijiambia hiyo ndiyo sababu. Lakini jioni baada ya futari kinywa kilikuwa huru na sabuni ilikuwa palepale, na sikuilamba. Nafikiri sikutaka kujua. Sina hakika hata leo. Najua tu kwamba niliipita mara mbili nikienda mtungini.

Nilimpelekea Bi Nunu thelathini na tisa na mmoja nikauficha kwa ajili yako. Nilitaka siku ya Idi unukie kama watoto wa nyumba kubwa.

Asubuhi ya sikukuu baba yako alikuwa ametangulia kuswali. Nikakusimamisha uani kwenye lile jiwe la kufulia nikakupaka povu. Ukasema, "Mama, inauma." Nikasema, "Haiumi, sabuni hiyo. Simama vizuri." Ukasema tena. Nikakusugua zaidi, hasa shingoni, kwa kuwa ulikuwa na mafuta ya nywele yaliyoganda. Mara ya tatu ukalia kwa sauti nikakukemea, "Nyamaza, leo sikukuu, watu watasema nakupiga." Kisha maji yakaniishia katika ndoo. Nikaenda kuchota mengine, na kwenye ukuta jirani akaniita kunipa mkono wa Idi. Akaniambia mji mzima unazungumzia sabuni ya Bi Nunu. Nikasimama kusikiliza. Mwanaidi, nilisimama kusikiliza nikisifiwa, na wewe uko juu ya jiwe na povu shingoni.

Niliporudi ulikuwa hulii tena, unatetemeka tu. Nilipokushika shingo, ngozi iliteleza chini ya vidole vyangu kama utelezi wa bamia.

Nilikumwagia maji mpaka mtungi ukaisha, nikakimbia kisimani na kanzu ya sikukuu, nikakumwagia tena. Baba yako alirudi na halua mkononi akatukuta wote wawili tumelowa. Kidonda kilikaa mpaka mfungo tatu, mwezi wa Idi kubwa. Ulikuwa hutaki nikuguse. Ukitaka kuogeshwa unamfuata baba yako.

Siku ya nne ya Idi nilikwenda kisimani na wanawake walikuwa wananingoja. Mmoja alikuwa amefunga vidole kwa kitambaa. Mwingine akasema mtoto wa Bi Nunu amevimba macho. "Mize, sabuni yako ina nini?" Niliogopa. Nilikuwa sijalala siku nne, niliona kwamba nikisema neno moja nitapoteza kazi, jina na pengine na mume. Nikajisikia nikisema, "Ulizeni mafuta ya Bi Mgeni. Mimi nimepika kilichonijia."

Hivyo tu. Sikusema zaidi, na haikuhitajika zaidi. Jina lake lilikwenda mji mzima kabla ya adhuhuri.

Alikuja mlangoni kwangu baada ya kama nusu mwezi. Nilijua hodi yake.

"Mize, nimezunguka mji wote," akasema. Kibuyu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. "Hakuna aliyenifungulia. Kuna neno nimelifanya?"

"Watu wana maneno yao, Bi Mgeni. Mimi sijui."

Ulikuwa umelala mkekani kando yangu, shingo imefungwa kitambaa. Akainama akakutazama. "Mtoto amepatwa na nini?"

"Uji," nikasema.

Hapo ndipo uji ulipozaliwa. Sikuutunga kwa ajili yako. Niliutunga kwa ajili yake, ukabaki.

Alijitwika kibuyu chake akaondoka. Zinga si karibu kwa mwanamke wa umri ule mwenye mzigo uleule aliokuja nao.

Nikajisadikisha kwamba kweli mafuta yake yalikuwa na kasoro. Nilijisadikisha sana. Nikaanza kununua mafuta kwenye duka la Mhindi karibu na soko. Yalikuwa ghali, kwa hiyo nikatia kidogo, nikajazia kwa maji makali kama nilivyokuwa nimezoea sasa. Baada ya siku chache miche ikaanza kutoa jasho. Matone yalisimama juu yake na yalipokauka yakaacha unga mweupe. Nikaugusa ule unga kwa ncha ya ulimi na ulimi ukanichoma hata machozi yakanitoka. Mafuta hayakuwa ya Bi Mgeni, na kuchoma ni kulekule.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban. Nilichukua vyungu vinne vidogo nikaviinjika uani asubuhi moja baba yako akiwa kazini. Katika kila chungu nilitia kata moja ya mafuta, yaleyale. Cha kwanza nikakipa kata moja ya maji makali, cha pili mbili, cha tatu tatu, cha nne nne. Wewe ulikaa mbali kwenye kizingiti na mwanasesere wako wa mabua, huniondolei macho. Nikakoroga, nikapika, nikangoja siku kadhaa.

Chungu cha kwanza kilitoa sabuni laini na mafuta yakabaki yanaelea juu. Yalikosa maji makali ya kushikana nayo. Cha pili kilitoka sawa, hakuna mafuta juu, hakiumi ulimini. Cha tatu na cha nne ndivyo vilivyonikalisha chini. Vilionekana vimetoa zaidi. Lakini nilipoiacha miche yake juani ikatoa jasho lake lote, ikasinyaa, ikabaki kama ile ya pili. Sabuni yenyewe ilikuwa ileile. Kilichozidi hakikuwa sabuni. Mafuta yakishakwisha, yamekwisha. Maji makali yaliyobaki hayageuki kitu. Yanakaa ndani ya mche mweupe vilevile yalivyokuwa mtungini, yanangoja ngozi ya mtu.

Ndipo nikaelewa kipimo cha bibi yako. Kati ya vile vitu viwili, kinachowahi kwisha ndicho kinachoamua utapata kiasi gani, hata ukiwa na bahari nzima ya kile kingine. Baadaye nikaona ni hivyohivyo hata katika kutengeneza maji makali. Mwaka mmoja baba yako aliniletea chokaa nyingi mno, magadi yakawa haba, nikatia chokaa yote nikidhani maji yatakuwa na nguvu zaidi. Hayakuwa. Chokaa ya ziada ilikaa tu chini ya mtungi kama uji uliolala, na yai halikuelea.

Sasa sikiliza linalonitia haya kuliko yote. Siku ile ya vyungu vinne nilijua kwamba Bi Mgeni hana kosa. Nilijua wazi. Ningeweza kujifunga leso nikaenda Zinga kesho yake. Badala yake nilifukia miche ya vyungu viwili nyuma ya choo, nikaanza kupika kwa kipimo kilicho sawa, na sabuni yangu ikawa nzuri. Watu wakarudi. Wakasema, "Unaona, tangu aache mafuta ya yule wa Zinga." Nikawaacha waseme. Ikapita Ramadhani, ikapita Idi, ikaja nyingine.

Kilichonipeleka mwishoni ni wewe. Ulikuwa umeanza kucheza upishi na wenzako, na siku moja nikakusikia ukimwambia mtoto wa jirani, "Sinunui kwako, mafuta yako mabaya kama ya Bi Mgeni." Hukumjua Bi Mgeni. Hukuwa unakumbuka hata sura yake. Jina lake lilikuwa limeshakuwa mchezo wa watoto.

Tulikwenda Zinga, mimi na wewe. Umewahi kuniambia unakumbuka safari moja na mwanamke aliyekupa muhogo wa kuchoma. Ni hiyo. Tulimkuta ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Alikuwa amekonda. Hakusimama.

"Sabalkheri, Bi Mgeni."

"Kheri. Kaeni."

Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, yakapotea yote. Nikasema, "Nimekuja kukuambia mafuta yako yalikuwa mazima. Kosa lilikuwa langu. Nilizidisha maji makali."

Aliendelea kukuna. "Mafuta yangu nayajua," akasema. "Nilikuwa nangoja na wewe ujue. Umejua lini?"

Mwanaidi, ningeweza kusema jana. Nilifungua kinywa niseme jana. Lakini ulikuwa umekaa karibu yangu unatafuna muhogo, ukinitazama.

"Tangu Shaaban ya mwaka juzi," nikasema.

Mikono yake ikasimama. "Mwaka juzi?"

"Ndiyo."

Aliiweka nazi chini. Kuku akaja akadonoa machicha miguuni pake wala hakumfukuza. Kisha akasema, "Ile ya kwanza ulikosea, na mtu akikosea husamehewa. Hii miaka miwili hukukosea. Uliamua. Kila asubuhi uliamua." Akakuita, "Njoo, mjukuu wangu." Akakusogeza nywele akagusa ile alama kwa kidole gumba, taratibu. Akanitazama mimi. "Uji," akasema.

Nikalia. Yeye hakulia. Akaniambia, "Sitaki machozi yako wala sitaki kitu chako. Nenda ukaseme palepale uliposema."

Siku ya kwanza nilikwenda kisimani nikachota maji nikarudi. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu, walipokuwa wengi, niliweka ndoo chini nikasema kwa sauti, "Sabuni ya Idi ile iliyowaunguza, kosa lilikuwa langu. Mafuta ya Bi Mgeni hayakuwa na neno. Nilijua, nikanyamaza." Mmoja akacheka kwa mshangao. Mwingine akasema, "Na mtoto wako je?" Nikasema, "Na mtoto wangu vilevile." Hakuna aliyenipiga wala kunitemea mate. Waliniachia nafasi tu, kila mmoja akasogea kidogo na ndoo yake. Miezi mingi hakuna aliyenunua mche kwangu. Unaukumbuka mwaka tuliokula muhogo asubuhi na jioni ukaniuliza kwa nini? Ulikuwa mwaka huo.

Bi Mgeni alirudi kuuza mjini, na nyumba zikamfungulia. Kwangu hakuja tena mpaka alipofariki. Alikuwa akipita mbele ya mlango wetu na kibuyu chake, ananisalimu, namsalimu, anapita. Ndiyo maana mafuta yetu yanatoka Kaole, mwanangu. Uliwahi kuniuliza kwa nini tunakwenda kwingine na Zinga nazi zimejaa.

Baba yako alijua. Jioni niliyotoka kisimani nilimwambia yote, akanisikiliza, akasema, "Mize, mimi nilijua siku ya Idi ileile. Niliokota kipande cha ule mche uani nikakilamba. Mimi ni mtu wa chokaa, naijua ladha ya kitu kinachounguza." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Nilikuona unavyoogopa, nikaogopa kukuongezea." Alidhani ananihurumia. Sikumlaumu, lakini nakuambia, kwa sababu naye atakuwa amenyamaza mbele yako njia nzima, nawe umedhani hana la kusema.

Kwa nini nakuandikia haya leo badala ya kukuacha uondoke na uji wako? Nimejiuliza. Pengine ni kujitua mzigo, na kama ni hivyo nisamehe. Lakini nakuona umeketi kwenye jiko la watu wengine, jiko ambalo hujui upepo wake unatokea wapi. Mafuta yataletwa pungufu. Lazima, mwaka mmoja au mwingine minazi hunyima. Maji makali yatakuwa yapo, kwa kuwa magadi na chokaa haviozi. Mama mkwe atakuwa amesimama nyuma yako, na umemwahidi mbele ya watu. Hapo usidhani utakuwa mjinga. Mimi sikuwa mjinga. Nilikuwa na haya tu ya kusema neno moja, "Yamepungua." Nimelifanyia mazoezi neno hilo tangu wakati ule na bado linanikwama. Juzi tu muuza samaki aliniuliza kama pesa zinatosha, nikamdanganya nyingine nimezisahau ndani.

Sikuagizi ulitamke. Sijui mumeo ni mtu wa namna gani, sijui mama yake hupokeaje neno kama hilo. Hilo ndilo linaloniamsha. Nimemuuliza baba yako mara tatu kama ni watu wapole, na mara tatu amesema, "Ni watu." Ninachokuomba ni kidogo. Ukipika, ilambe. Hata ukiwa na hofu, hasa ukiwa na hofu, ilambe kabla haijagusa mtu. Ukiona inachoma, mafuta yakipatikana irudishe jikoni uyaongeze, ishikane upya, haijaharibika. Hili nalo nililijifunza nimechelewa, nilipokuwa nimeshafukia miche yangu kama maiti.

Na hii alama. Kuanzia leo ni yako, uiseme utakavyo. Ukitaka kuendelea na uji, sitakukanusha. Ukitaka kumwambia mumeo kwamba ni mama yako aliyekuunguza, mwambie. Ni kweli.

Jua limeshuka mpaka kwenye kizingiti, na nasikia sauti yako njiani, unamcheka baba yako kwa jambo fulani. Natamani kuichana barua hii. Kama umeisoma, jua sikuichana.

Utakasirika. Labda si leo, labda siku utakapokuwa na mtoto wako juu ya jiwe. Hasira hiyo usiipikie uji, mwanangu, niletee ilivyo. Kila mtu atokaye Pangani nitamuuliza kama ana kitu changu. Niandikie hata neno moja, hata kama neno lenyewe ni kwamba hutaki kuniandikia.

Mama yako,
Mize